Blaenavon: Mji wa Wales unaowashusha wageni mgodini

BLAENAVON ni mji mdogo ulioko kwenye chimbuko la mto Afon Lwyd, kusini mashariki mwa Wales, mojawapo ya nchi nne zinazounda Ufalme wa Uingereza. Wakazi wake ni takriban 6,000, na mitaa yake yote mgeni anaweza kuizunguka kwa miguu katika asubuhi moja.

Hauna ufuo wa bahari, mbuga ya wanyama wala kasri la mfalme. Anayeuzuru huenda kutazama matanuri yaliyozimika, vilima vya taka za migodi na shimo ambalo lilifungwa mnamo Februari 1980, wachimbaji wake wakatumwa nyumbani.

Hata hivyo, mwaka wa 2000 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza mji huo, pamoja na milima inayouzunguka, katika orodha ya Turathi za Dunia. Eneo lililotambuliwa lina ukubwa wa takriban kilomita 33 za mraba. Orodha hiyo ndiyo iliyo na Mji Mkongwe wa Lamu, uliotambuliwa mwaka mmoja baadaye.

Kuna miji mingi duniani iliyohifadhi migodi ya kale. Kinachoitofautisha Blaenavon ni kwamba kwa zaidi ya miaka 40 mgeni amekuwa akishushwa chini ya ardhi na mtu aliyewahi kuchimba makaa kwa mikono yake. Watu hao sasa wanapungua.

Jina Blaenavon, ambalo kwa Kiwelisi huandikwa Blaenafon, lina maana ya mahali mto unapoanzia. Kabla ya 1789 hapakuwa na mji wowote pale. Palikuwa na malisho ya kondoo na mashamba machache katika bonde lenye baridi na mvua nyingi, zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari.

Ardhi hiyo ilikuwa ya ukoo wa Abergavenny, mojawapo ya koo za makabaila. Matajiri watatu kutoka maeneo ya kati ya Uingereza, Thomas Hill, Thomas Hopkins na Benjamin Pratt, waliikodi kwa sababu ilikuwa na vitu vyote ambavyo mfua chuma wa zama hizo alivihitaji. Mawe yenye madini ya chuma yalikuwa karibu na uso wa ardhi. Makaa ya mawe yalikuwa papo hapo. Mawe ya chokaa, ambayo huchanganywa na madini ili kuyaondolea uchafu tanurini, yalipatikana ng'ambo ya mlima.

Kiwanda chao kilianza kazi mnamo 1789 kikiwa na matanuri matatu. Hewa ya kuchochea moto haikupulizwa kwa nguvu za maji, kama ilivyokuwa desturi, bali kwa injini ya mvuke. Kufikia mwisho wa karne ya 18, kiwanda cha Blaenavon kilikuwa miongoni mwa vikubwa zaidi vya chuma katika Wales nzima.

Mabaki ya kiwanda hicho ndiyo mahali panapofaa kuanzia ziara. Yanasimamiwa na Cadw, idara ya serikali ya Wales inayotunza majengo ya kihistoria. Matanuri yamejengwa yakiegemea ukingo wa mlima, na sababu yake humbainikia mgeni mara tu anaposimama juu ya ukingo huo: madini, makaa na chokaa vilimwagwa kutoka juu, kisha chuma kilichoyeyuka kikatoka chini na kutiririka hadi kwenye mifereji ya mchanga.

Pembeni mwa matanuri umesimama mnara wa mawe uliojengwa 1839. Huo ulikuwa lifti iliyoendeshwa kwa maji. Upande mmoja wa mnara tangi lilijazwa maji hadi likawa zito kuliko toroli lililokuwa upande wa pili; tangi liliposhuka, toroli la chuma lilipanda hadi juu ya ukingo. Maji yalimwagwa chini, tangi likarudishwa juu, na kazi ikaendelea. Katika bonde linalonyeshewa karibu mwaka mzima, hiyo ilikuwa nguvu isiyogharimu kitu.

Hatua chache kutoka hapo ziko nyumba ndogo za wafanyakazi zinazozunguka uwanja uitwao Stack Square. Zilijengwa katika miaka ya mwanzo ya kiwanda kwa ajili ya mafundi wenye ujuzi, yaani zilikuwa nyumba za walionacho! Familia kubwa ziliishi katika vyumba viwili vitatu, huku moshi na mngurumo wa injini ukiwa mlangoni usiku na mchana. Mnamo 2007 Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) lilizitumia nyumba hizo kwa kipindi cha televisheni ambapo familia za siku hizi ziliishi kama wachimbaji wa 1927. Wengi wa watazamaji waliijua Blaenavon kupitia kipindi hicho.

Kampuni ilikuwa pia na duka. Katika maeneo mengi ya viwanda vya Wales, mishahara ilicheleweshwa kwa wiki kadhaa, na mfanyakazi akalazimika kukopa unga, siagi na chai katika duka la mwajiri wake kwa bei aliyoipanga mwajiri. Siku ya malipo ilipofika, deni lilikuwa limekwisha kuumeza mshahara. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kupiga marufuku malipo ya aina hiyo mnamo 1831, lakini maduka ya kampuni yalichukua muda mrefu kutoweka. Mtu aliyekulia katika kambi za mashamba makubwa hahitaji kufafanuliwa mpango huo.

Katika uwanja wa kiwanda kuna nguzo ya ukumbusho ambayo wageni wengi huipita bila kusoma maandishi yake. Si haki kuipita. Nguzo hiyo ni ya Sidney Gilchrist Thomas, na kisa chake kinaeleza jinsi Blaenavon ilivyoibadilisha dunia, na pia jinsi ilivyojichimbia kaburi.

Mnamo 1856 Henry Bessemer alikuwa amevumbua njia ya kutengeneza chuma cha pua kwa wingi na kwa bei nafuu. Njia yake ilikuwa na kasoro moja kubwa. Haikuweza kuondoa fosforasi, na chuma cha pua kikibaki na fosforasi huvunjika kama kigae. Hivyo basi, madini ya chuma yenye fosforasi, ambayo ndiyo mengi zaidi barani Ulaya, hayakuwa na faida kwa watengenezaji wa reli na meli.

Thomas hakuwa mwanasayansi wa kulipwa. Alikuwa karani wa mahakama jijini London, aliyesoma kemia kwa masomo ya jioni baada ya kazi. Bahati yake ni kuwa binamu yake, Percy Gilchrist, alikuwa mkemia katika kiwanda cha Blaenavon. Kati ya 1877 na 1878, kwa kuungwa mkono na meneja wa kiwanda, Edward Martin, vijana hao wawili walifanya majaribio hapo Blaenavon hadi wakapata jibu: kuta za ndani za chombo cha kuyeyushia zijengwe kwa matofali yenye asili ya chokaa, na chokaa iongezwe ndani. Chokaa huivuta fosforasi na kuitenga na chuma.

Thomas alipowatajia wakuu wa sekta ya chuma habari hizo mnamo 1878, hawakumjali. Mwaka uliofuata majaribio makubwa mjini Middlesbrough yalifaulu, na wenye viwanda kutoka nchi mbalimbali wakaanza kupigania haki ya kuutumia uvumbuzi huo. Hata uchafu uliobaki ulipata soko: uliposagwa ukawa mbolea, kwa sababu fosforasi inayoharibu chuma ndiyo inayonawirisha mazao. Thomas hakuishi sana kufaidi matunda ya jasho lake. Alifariki 1885 akiwa na umri wa miaka 34.

Walionufaika zaidi hawakuwa watu wa Blaenavon. Ujerumani, iliyokuwa imetwaa sehemu ya jimbo la Lorraine kutoka kwa Ufaransa mnamo 1871, ilipata fursa ya kuyatumia madini ya huko yaliyojaa fosforasi. Nchini Marekani, Andrew Carnegie alinunua haki za uvumbuzi huo. Baada ya miongo miwili hivi, mataifa hayo mawili yalikuwa yameipiku Uingereza katika uzalishaji wa chuma cha pua, na viwanda vidogo vya mabonde ya Wales, vilivyokuwa mbali na bandari, vikashindwa kuhimili ushindani. Matanuri ya kale ya Blaenavon yaliacha kuzalisha chuma mnamo 1904. Kilichobaki kuutegemeza mji kikawa makaa ya mawe.

Kwa msafiri mwenye miguu yenye nguvu, sehemu ya kuvutia zaidi huenda isiwe mjini bali mlimani. Thomas Hill mwana, aliyeurithi uongozi wa kampuni, aliamuru kutobolewa kwa njia ya chini kwa chini iliyoupenya mlima kuelekea Pwll Du, jina ambalo maana yake ni shimo jeusi. Njia hiyo, yenye urefu wa takriban kilomita 2.4, ilitandikwa reli, na farasi wakakokota matoroli ndani yake. Hakuna njia nyingine ya farasi ya aina hiyo nchini Uingereza iliyowahi kuifikia kwa urefu.

Upande wa pili matoroli yaliambaa ubavuni mwa mlima Blorenge hadi karakana ya Garnddyrys, kisha yakateremka hadi mfereji wa mashua huko Llanfoist, ambako chuma kilipakiwa kupelekwa Newport na ng'ambo. Leo ni njia ya watembeao kwa miguu. Kondoo hulala juu ya vilima vya mabaki ya tanuri, na bwawa lililochimbwa kuipatia karakana maji limekuwa mahali pa familia kupumzika siku za jua.

Ardhi yenyewe ya eneo hilo ni ya kusomwa kama kitabu. Makorongo yanayoonekana kana kwamba yalichimbwa na mto yalichimbwa na watu: walijenga mabwawa madogo juu ya mlima, wakayaachilia maji kwa ghafla ili yachukue udongo na kuyafichua mawe ya chuma. Kazi ya kuokota na kuvunjavunja mawe hayo, juani na thelujini, aghalabu ilifanywa na wanawake na watoto. Mwandishi Alexander Cordell aliyatumia mazingira hayo katika riwaya yake iliyochapishwa 1959, na hadi sasa wako wasomaji wanaopanda milima hiyo kuzitafuta sehemu zilizotajwa na mwandishi huyo.

Mjini kwenyewe kuna Kanisa la Mtakatifu Petro, lililojengwa na wenye kiwanda mnamo 1804. Nguzo zake za ndani ni za chuma. Bakuli la ubatizo ni la chuma. Nje, makaburi ya mabwana wa kiwanda yamefunikwa kwa mabamba ya chuma badala ya mawe. Wafanyakazi wengi hawakusali hapo. Wao walikuwa na makanisa yao madogo, ambako ibada iliendeshwa kwa Kiwelisi.

Jirani na kanisa hilo iko shule iliyojengwa 1816 na Sarah Hopkins kwa kumbukumbu ya nduguye Samuel, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kiwanda. Tangu 2008 jengo hilo limekuwa kituo cha kuwapokea wageni wanaozuru turathi za eneo hilo. Ukumbi wa Wafanyakazi, uliofunguliwa katika miaka ya 1890, ni mkubwa mno kwa mji wa kiasi hicho. Uligharimiwa na makato madogo ya mishahara ya wachimbaji.

Kutoka mjini, barabara inavuka bonde na kupanda hadi mahali gurudumu kubwa la chuma linapoonekana juu ya paa. Huo ndio Big Pit, au Pwll Mawr kwa Kiwelisi, yaani shimo kubwa. Uliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake ulichimbwa kwa upana uliotosha kupandisha matoroli mawili kwa wakati mmoja, jambo lililokuwa geni katika eneo hilo. Ulianza kutumiwa karibu 1860, na baada ya miaka 20 ukachimbwa zaidi hadi kufikia kina cha mita 90.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mgodi huo uliajiri zaidi ya watu 1,000. Zama hizo makaa ya Kusini mwa Wales yalisifika kwa kuwaka kwa joto kali na moshi haba, na yaliziendesha meli za vita na za biashara kote duniani. Meli zilizoingia katika Bahari ya Hindi kupitia Aden zilipakia huko makaa yaliyosafirishwa kutoka bandari za Wales.

Mgeni anayetaka kushuka hupewa kofia ngumu yenye taa, mshipi mzito, betri ya taa hiyo na kopo la chuma lenye kifaa cha kumwezesha kupumua iwapo hewa itachafuka. Kwa jumla mzigo huo una uzani wa takriban kilo tano. Kisha huombwa atoe mfukoni kila kitu chenye betri au kinachoweza kutoa cheche: simu, kamera, saa, ufunguo wa gari, kiberiti. Hili si igizo la kuwafurahisha watalii. Shimo lingali chini ya sheria za usalama wa migodi, na gesi ya methani haijui kwamba mgodi umegeuzwa makavazi.

Kizimba hushuka kwa mwendo wa taratibu, maji yakidondoka ukutani. Chini kuna baridi hata wakati wa kiangazi. Mwelekezi hutangulia, akiwaonya warefu wainamishe vichwa, na ziara nzima huchukua muda wa karibu saa moja.

Humo ndani mgeni huonyeshwa milango mizito ya mbao iliyotumiwa kuelekeza hewa safi. Katika migodi ya mwanzo wa karne ya 19, kazi ya kuifungua na kuifunga milango ya aina hiyo ilikuwa ya watoto wadogo, waliokaa gizani peke yao kwa saa nyingi wakisubiri toroli lipite. Mnamo 1842 ripoti ya tume ya serikali kuhusu ajira ya watoto iliwashtua Waingereza, na Bunge likapitisha sheria ya kuwakataza wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya umri wa miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Karibu na mojawapo ya milango hiyo, mwelekezi huwaomba wote wazime taa zao. Giza linalofuata halina mfano wake juu ya ardhi, na si ajabu kundi zima kunyamaza.

Kisha kuna mazizi ya farasi. Wanyama hao waliishi humo humo, wakila na kulala chini ya ardhi, na kwa kawaida walipandishwa juu wakati wa likizo ya wachimbaji tu. Majina yao bado yameandikwa juu ya vyumba vyao. Wazee waliofanya kazi nao wamekuwa wakisimulia kwamba farasi wa mgodini aliijua njia hata taa ya bwana wake ilipozimika.

Watoto wenye kimo cha chini ya mita moja hawaruhusiwi kushuka, kwani mshipi na vifaa vile haviwatoshi. Kwao, na kwa wale wanaoogopa mahali penye dari fupi, juu ya ardhi kuna ya kutosha kutazama: karakana ya mhunzi, chumba cha taa na mabafu ya wachimbaji.

Mabafu hayo yalifunguliwa 1939 na yanastahili kutazamwa kwa makini. Kabla yake, mchimbaji alirejea nyumbani akiwa mweusi kwa vumbi tangu utosi hadi kisigino, akaoga katika karai mbele ya meko. Mkewe ndiye aliyechota maji, akayachemsha, akafua nguo zilizogandamana kwa matope na makaa, kisha akarudia kazi hiyo kwa kila mwanamume aliyekuwa nyumbani, baba na wana, ambao huenda walifanya kazi kwa zamu tofauti. Kwa wanawake wa Blaenavon, huenda maji moto ya mgodini yalileta nafuu kubwa kuliko sheria nyingi za Bunge.

Mwaka wa 1947 serikali ilitwaa migodi yote ya makaa nchini Uingereza. Mafuta ya petroli yalikuwa tayari yanachukua nafasi ya makaa katika meli, na baadaye katika treni. Migodi ya mabonde ya Wales ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na zamu ya Big Pit ikafika Februari 1980, miaka minne kabla ya mgomo mkubwa wa wachimbaji wa 1984 na 1985.

Kwa kawaida shimo lililofungwa hujazwa kifusi. Big Pit uliponea chupuchupu. Baraza la wilaya liliununua kwa pauni moja na kuukabidhi kwa shirika la hisani, ambalo liliwafungulia wageni milango mnamo 1983. Wengi wa waelekezi wa kwanza walikuwa wachimbaji. Mnamo 2001 ulitwaliwa na shirika la makavazi ya kitaifa ya Wales, kiingilio kikaondolewa, na baada ya ukarabati wa mamilioni ya pauni ukashinda Tuzo ya Gulbenkian ya makavazi bora nchini Uingereza mnamo 2005. Kabla ya janga la Covid-19, ulikuwa ukipokea zaidi ya wageni 100,000 kwa mwaka.

Je, mji umenufaika? Jibu si rahisi. Zamani Blaenavon ilikuwa na wakazi zaidi ya maradufu ya wale wa sasa, na ajira chache za utalii haziwezi kuziba pengo la mgodi na viwanda vya chuma. Mnamo 2003 palifanywa jaribio la kuugeuza uwe mji wa vitabu, kwa kuiga Hay-on-Wye ulioko umbali wa saa moja hivi kwa gari. Maduka kadhaa ya vitabu yalifunguliwa katika barabara kuu, na baada ya miaka michache mengi yao yakafungwa. Wageni wengi huenda Big Pit moja kwa moja, wakala chakula huko huko na kuondoka bila kununua hata mkate mjini.

Turathi hizo pia zina upande wa hatari. Vilima vya taka za makaa vinavyowavutia wapiga picha ni vya aina ile ile kama kilichoporomoka huko Aberfan, katika bonde jingine la Wales, mnamo Oktoba 21, 1966, na kuua watu 144, wakiwemo watoto 116. Novemba 2024, kufuatia mvua kubwa, taka za mgodi wa zamani ziliporomokea nyumba katika kijiji cha Cwmtillery, bonde la jirani na Blaenavon, na wakazi wakalazimika kuhama. Serikali ya Wales ina maelfu ya vilima kama hivyo vya kuvikagua.

Lakini suala linalowakabili wasimamizi wa Big Pit zaidi ni la watu. Mgodi wa mwisho wa kina kirefu nchini Wales, Tower, ambao wachimbaji wenyewe walikuwa wameununua, ulifungwa Januari 2008. Wa mwisho Uingereza nzima, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015. Kijana aliyeingia Big Pit akiwa na umri wa miaka 16 katika mwaka wake wa mwisho sasa amepita miaka 60. Vumbi la makaa, ambalo huharibu mapafu, halikuwaachia wengi wao uzee mrefu.

Makavazi yamejitahidi kuhifadhi wanayoyajua. Jarida liitwalo Glo, neno la Kiwelisi lenye maana ya makaa, huchapisha kumbukumbu za wachimbaji na familia zao. Hata hivyo, msikilizaji wa kanda hawezi kuuliza swali. Anayeshuka na mchimbaji anaweza kumwuliza jinsi mtu alivyotambua kwa sauti ya nguzo kwamba dari inataka kuanguka, au ni kwa nini mke wake hakumuaga mlangoni, na akapata jibu ambalo halimo katika ratiba ya ziara.

Mkenya anayenuia kuzuru Blaenavon anahitaji viza ya Uingereza. Kutoka Cardiff ni safari ya takriban saa moja kwa gari, na mabasi hupanda bondeni humo kutoka Newport, mji wenye treni za moja kwa moja kutoka London. Kuingia katika makavazi ya Big Pit hakulipishwi, ila ni heri mgeni aulize mapema kuhusu ada na nafasi za kushuka chini ya ardhi, hasa siku za likizo za shule. Kiwanda cha chuma hufunguliwa siku chache wakati wa baridi. Treni ya mvuke inayoendeshwa na watu wa kujitolea hufanya safari zake hasa wikendi na katika miezi ya joto. Viatu imara na koti la mvua ni lazima, hata mwezi wa Julai.